Siku Niliyomfuata Baba Mkwe Kinyumenyume

Jamani, nianze kwa kukiri kwamba mkasa huu nimeuonea haya miaka mingi, na si kwamba ni siri (kijijini kwa wakwe zangu, Talatala nzima wanaujua, na kijiji cha jirani cha Ipyana wanaujua kwa nyongeza ambazo hazikuwepo), ila kila nikifika pale pa kukaa kwenye kile kiti natamani ardhi ipasuke inimeze. Mara nyingi nimeishia hapo hapo nikabadilisha mazungumzo. Leo nitajitahidi nifike mwisho, maana mmeniuliza wenyewe kwa nini mtu ninayejua mambo ya watoto kiasi hiki sitoi ushauri wowote kuhusu kuwafunga kamba.

Wakati ule ndiyo zilikuwa enzi za ruksa, mitumba imeanza kumiminika, na mimi nilikuwa na meza yangu ya nguo za watoto sokoni Kyela mjini. Tulikaa Mbugani, mume wangu akitengeneza baiskeli pale mbele ya nyumba, na tulikuwa na mtoto mmoja tu, Lusajo. Kwa mtoto huyo mmoja mimi nikajigeuza bingwa. Mama akija kwangu kununua suruali ya mtoto aliondoka na suruali na ushauri, na ushauri ulikuwa mrefu kuliko suruali. Nepi zianikwe juani zikauke kabisa kisha zipigwe pasi pande zote mbili hata kama mkaa ni shida, maana kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na utakuja kukamua mafunza kwenye makalio ya mwanao. Uji udondoshee nyuma ya mkono wako kwanza, usiupime kwa kidole, kidole cha mwanamke anayepika hakisikii moto. Dawa ya maji mpe kidogo kidogo pembeni ya shavu, umkalishe wima, wala usimzibe pua. Mtoto akijitupa chini na kulia, wewe kaa karibu uchambue maharage usimtazame, atachoka mwenyewe. (Yote haya ni kweli na mpaka leo nayasimamia. Wanawake wenye watoto saba walinisikiliza kwa adabu, na sasa ndiyo naelewa kwamba walikuwa wanasubiri chenji.)

Taabu ilianza Lusajo alipopata miguu. Wenzake hutembea kwanza ndipo wakakimbia, yeye alisimama, akaangalia upande wa barabara, akaondoka. Nikiinama kutoa nguo kwenye belo, nikiinuka hayupo. Siku moja alikutwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, amekaa juu ya lundo la pumba anazila taratibu kama mtu aliyeletewa chakula. Siku nyingine alitolewa kwenye mtaro, mzima, ana chura mkononi. Habari za chura zilifika Talatala kwa wakwe kabla mimi sijamaliza kumwogesha.

Mama mkwe akatuma ujumbe kwamba Jumapili baada ya ibada tufike, wazee wa ukoo watakuwepo, mtoto amefikia kuachishwa ziwa na atabaki kwake mpaka apate akili, kwa kuwa mama yake ana kazi nyingi na Malawi anakwenda kufuata bidhaa. Wala hakusema kwa ubaya. Kwao ndivyo ilivyokuwa, mume wangu mwenyewe alilelewa na bibi yake, na mtoto wa kwanza kwenda kwa bibi si jambo la ajabu. Ila mimi sikutaka. Mchana nilijifanya nafikiria, usiku nilimnusa kichwani nikaona siwezi kurudi kwenye nyumba isiyo na ile kelele yake. Nikamwambia mume wangu, akasema tutaona. (Mume wangu alikuwa mtu wa tutaona. Hata nyumba ingeshika moto angesema tutaona.)

Basi ndiyo nikakumbuka ile mikanda. Ilikuwa imetoka kwenye belo muda mrefu uliopita, mikanda laini ya ngozi nyekundu, yenye vifungo mgongoni na vikengele vidogo kifuani, na kutoka mgongoni inaendelea mkanda mwingine wa kushikia. Soko zima lilikuwa limeijadili. Muuza dagaa alisema ni ya mbwa, fundi cherehani akasema ni ya mtu aliyevunjika bega, mimi nikaitundika nikitegemea mwenye mbwa au mwenye bega. Mpaka binamu yangu wa Karonga, upande wa Malawi, alipokuja na sabuni zake, akacheka, akasema kule aliwahi kumwona mzungu mmoja wa misheni amemvalisha mwanawe, anatembea naye barabarani huku amemshika kwa nyuma.

Nikamvalisha Lusajo, ikamkaa sawasawa. Nikaona nimepata jibu la mama mkwe. Nitafika Talatala na mtoto asiyeweza kupotea, anayelia kengele kila anapokwenda, na wazee wataona kwa macho yao kwamba mama huyu wa mjini anamudu. Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa mwanamke mwingine.

Ila nilifikiria mbele, na kufikiria mbele ndiko kulikoniponza. Ule mkanda wa kushikia ulikuwa mfupi, na ukweni mwanamke hana mkono wa kushikia kitu: unapiga magoti, unapokea kwa mikono miwili, unakoroga, unaosha, unapakua. Nikachukua kamba ya nailoni, ile ya kufungia mabelo, ndefu ya kutosha mtoto acheze uwanjani wakati mimi nipo jikoni, ncha moja nikaifunga kwenye mkanda wake na nyingine nikajizungushia kiunoni chini ya kitenge. Fundo nikaliweka mgongoni lisinisumbue nikiinama. Nikalikaza kwa fundo lile lile tunalofungia mizigo inayovuka mpakani Kasumulu, ambalo halifunguki mpaka mzigo ufike.

Sasa kwa wale msiotoka kwetu nieleze jambo moja, maana bila hilo mtaona nilikuwa mjinga tu. Kwa Wanyakyusa mke wa mtu na baba mkwe wake hawakutani. Si ugomvi, ni heshima, na ni heshima ya pande zote mbili. Ukimwona anakuja njiani unaingia migombani, unajifunika kanga kichwani, unachuchumaa umempa mgongo mpaka apite, na yeye naye akijua upo anageuza uso anaongeza mwendo. Humsemeshi, humtazami, hukai alipokaa. Wengine mjini walishaanza kulegeza, lakini siyo Talatala, na siyo kwa mzee yule. Tangu niolewe nilikuwa namjua kwa kikohozi chake na kwa viatu vyake vya tairi. Sura sikuijua.

Jumapili ikafika, baiskeli ikatupeleka, mume wangu mbele anaendesha, mimi nyuma na Lusajo mapajani, vikengele vinalia kila tukiruka shimo. Tulipofika mume akaenda mbele ya nyumba walikokaa wanaume, mimi nikazungukia nyuma kwa wanawake kama inavyotakiwa, nikampigia mama mkwe magoti nikamwamkia, mugonile, akaitikia, halafu akamtazama mjukuu kuanzia kengele mpaka kamba. Nikamweleza mwenyewe. Nikasema hii ni mikanda ya kumlinda mtoto, wenzetu wanaitumia, kamba hii inaishia kwangu, kwa hiyo hata nikiwa na kazi hawezi kufika popote bila mimi.

Mama mkwe aliishika kamba akaipima kwa mkono, akatikisa kengele kidogo. Nawaambia ukweli, alianza kulainika. Akasema kumbe. Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kusema kumbe hovyo. Wifi yangu Atupele, dada yake mume wangu, ambaye alikuwa anachuja togwa pale, akanikonyeza. Chungu cha togwa chenyewe kilikuwa kipya, kikubwa, kimefinyangwa na Wakisi wa Matema, na kilikuwa kimewekwa kwenye kona ya nyumba tayari kupelekwa kwa wazee. Atupele akanipa bakuli nipakue. Nikapiga magoti karibu na chungu. Lusajo akaona kuku.

Kuku akazunguka kona kwenda mbele ya nyumba. Kengele zikazunguka kona kwenda mbele ya nyumba. Sikushtuka, kamba ilikuwa bado imelegea, nikajiambia akifika mwisho atarudi. Nikasikia huko mbele kikohozi ninachokijua, kisha sauti ya mzee inauliza ni nani ameacha ndama afike barazani, kisha kicheko, na wazee wote wakacheka, na kengele zikalia juu juu, nikaelewa kwamba mtoto ameinuliwa.

Hapo baba mkwe akaona kamba inayoburuzika nyuma ya mjukuu wake. Watoto huburuza vitu, na mzee alikuwa mtu nadhifu asiyependa kamba ikae chini ikwaze watu. Akaanza kuikusanya. Aliikusanya vizuri, taratibu, kama mtu anayekunja kamba ya ng'ombe, mpaka ikaishia kwangu.

Nilisikia kiuno kinaondoka, nikasimama nikiwa na bakuli la togwa mikononi. Mama mkwe, ambaye alikuwa katikati ya sentensi, akanitazama ninavyoanza kumwacha kinyumenyume.

"Unakwenda wapi huko?" akauliza. "Huko kuna baba."

"Najua, mama," nikajibu, nikaendelea kwenda.

Mtaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Kupiga kelele mbele ya baba mkwe ni kumsemesha. Mtaniuliza kwa nini sikushika kamba nikavuta upande wangu. Nilivuta. Mzee naye alipoona imenasa akavuta kwa nguvu, na alikuwa mzee wa kulima mpunga. Fundo nililipapasa mgongoni likakataa hata kunisikiliza. Jambo moja tu lilikuwa bado kwenye uwezo wangu, nalo ni kutomtazama, kwa hiyo nikaliweka bakuli chini kwa adabu, nikajifunika kanga kichwa chote mpaka kifuani, nikakubali kwenda kwa mgongo. Kwenye kona kisigino changu kikakipiga chungu. Nilikisikia kikienda. Togwa yote ya wazee ikafika barazani kabla yangu, na mimi nikaikanyaga, nikateleza, nikarudi nyuma kwa hatua za haraka nisizozipanga, nikakaa.

Nilikaa kwenye kiti. Kiti chenyewe kilikuwa kizuri, cha mbao, kina mgongo na pa kuegeshea mikono, na kilikuwa bado na joto. Hakuna kiti kingine cha aina hiyo katika nyumba ile.

Chini ya kanga niliona togwa inapita katikati ya viatu vya watu. Mume wangu baadaye aliniambia kwamba mzee mmoja wa kanisa alisimama akavua kofia, kama mtu anayepisha jeneza, na hakuna aliyemwambia kaa. Nilimsikia mume wangu mwenyewe akisema neno moja, nalo lilikuwa "Tutaona," sijui alikuwa anamjibu nani.

Nikaona vile viatu vya tairi vimesimama mbele yangu, na kamba kutoka kwangu inakwenda kwake. Nadhani ndipo alipoelewa amevuta nini. Na sasa hapa naomba mnielewe vizuri, yule mzee hakunikasirikia. Alifanya kile mtu mwenye heshima anachopaswa kufanya akimwona mke wa mwanawe, aligeuka akaondoka haraka. Tatizo ni kwamba aliondoka na Lusajo kifuani.

Nikainuka kwenye kiti nikamfuata. Ningefanyaje? Yeye alikwenda kwa mbele, mimi kwa nyuma, na kila alipoongeza mwendo kunikwepa kamba ilinikaza nami nikaongeza mwendo, na kila aliposikia hatua zangu zinaongezeka akaongeza yeye. Tukapita mbele ya wazee hivyo. Tukapita zizi la ng'ombe. Tukaingia kwenye mikakao, matawi yananipiga kisogoni, huku Lusajo anacheka kwa furaha ambayo sijaisikia tena tangu siku ile, kengele zinalia, na kwa mbali nasikia sauti ya mama mkwe ikiniamuru nimwache baba. Mzee ananikimbia kwa heshima na mimi namfuata kwa heshima, na shamba ndiyo linaisha.

Akasimama kwenye shina kubwa la migomba, akajibanza upande wa pili. Nikamsikia anavyohema. Mimi nikasimama upande wangu, mgongo kwa migomba, kanga imeshaloa jasho na togwa. Hatukuwa tumewahi kusemezana, na wala siku ile hatukusemezana, maana yeye alisema na mtoto.

"Lusajo, mwambie mama yako asimame."

"Lusajo, mwambie babu nitasimama yeye akisimama."

"Mwambie afungue."

"Mwambie babu fundo limekaza."

Kisha akamwambia Lusajo aniambie nisigeuke, nikasikia kisu kidogo cha kuvunia kakao kinatoka mfukoni, na kamba ikalegea.

Nilidhani nitashukuru. Badala yake, kamba ilipoanguka kwenye visigino vyangu, nikaogopa kuliko nilivyoogopa kwenye kiti. Nilijua mtoto yupo mikononi mwa babu yake, kamba imekatwa, wazee wamekaa, na mimi nimewapa mwenyewe kila sababu waliyokuwa wanaitafuta. Nikalia. Nililia chini ya kanga kwa sauti ambayo mkwe hatakiwi kuitoa mahali baba mkwe anaposikia, na sikuweza kuizuia, nikasema tu kwamba mwanangu, mwanangu, wala sikumtuma mtu kufikisha.

Upande wa pili kikasikika kikohozi. Halafu nikasikia kengele zinashuka chini, na Lusajo akatokea kwenye migomba kwa miguu yake, anapepesuka, akanishika kitenge. Nikainama kumchukua, na nikiwa nimeinama, kanga ikanitoka usoni, nikamwona mzee kupitia majani, amegeukia pembeni, anajifuta macho kwa kiganja. Ana masikio ya Lusajo. Sikuwahi kuambiwa.

Yaliyosemwa barazani sikuyasikia kwa kuwa Atupele alishanichukua akanificha ghalani, nikakaa kwenye magunia ya mpunga na mwanangu nikimbana mpaka akalalamika. Mume wangu ndiye aliyenieleza. Anasema baba alirudi, akakifuta kiti chake togwa, akakaa, akaomba maji. Mama mkwe akasema wameona wenyewe, mtoto abaki hapa hapa leo hii. Wazee wakaitikia mmoja mmoja. Baba akanywa maji yote kwanza.

"Mtoto arudi na mama yake," akasema. "Akibaki hapa, yule atakuja kila Jumapili kumwona, na mimi mbio sina."

Wazee wakatafakari. Yule wa kofia, ambaye togwa ilikuwa imemwingia ndani ya viatu, alisema kwa maoni yake baba amenena vyema, na wengine wakaona hivyo hivyo. Mama mkwe alikwenda kuokota vigae vya chungu. Mimi nilitoa kuku wa kuomba radhi, akapelekwa na mume wangu, kisha nikaagiza chungu kingine Matema, kikubwa zaidi, na mama mkwe alipokipokea akasema ndaga, yaani asante, akakiweka mbali na kona. Lusajo alilala jioni ile Mbugani, kwenye mkeka wetu, miguu yake kwenye mbavu zangu.

Mikanda niliirudisha mezani nikaiuza kwa mtu aliyesema ana mbwa, sikumuuliza zaidi. Nikaapa kwamba sitajifunga na mtoto tena maisha yangu yote, na sikujifunga, hata hawa wadogo zake niliwakimbiza kwa miguu mpaka wakakua.

Kwa hiyo mama akiniuliza kama amfunge mwanawe kamba sokoni, najua jibu linalofaa. Nimwambie amfunge akitaka, ila ncha ya pili aishike mkononi, asiifunge mahali popote, ili siku mtu akimbeba mtoto kwenda mahali ambapo yeye mama haruhusiwi kufika, aweze kuiachia. Ndivyo inavyotakiwa. Nafungua mdomo nimwambie, halafu naikumbuka siku ile ukweni na navyojijua nilivyo mwoga wa wakwe: kama ningekuwa nimeishika mkononi, ningeiachia pale pale kwenye kona, nikapiga magoti, nikaendelea kupakua togwa. Na mtoto angebaki Talatala. Basi namuuliza tu kama anataka suruali ndefu au kaptula.